Somo la TEHAMA: Kutunza na Kurejesha Kanzidata Wakati wa Kubadili Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ambao ulikuwa ukitumika tangu mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi, ila zilikoma kupokea kama kawaida marekebisho ya usalama yanayoziba mianya ya wadukuzi na virusi. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi ndogo, zikiwemo za vyama vya akiba na mikopo, jumuiya za watumia maji, maduka ya dawa, shule na vyama vya ushirika wa mazao, zimelazimika kubadili mfumo endeshi au kununua kompyuta nyingine.

Mabadiliko hayo ni ya lazima, lakini yana hatari ambayo wengi huitambua baada ya madhara kutokea. Ndani ya kompyuta ya ofisi mna kumbukumbu ambazo hazipo mahali pengine popote: nani amelipa, nani anadaiwa, nani ana hisa ngapi, mgonjwa yupi alipewa dawa gani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo ni kanzidata, nayo huweza kufutika kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuchoma daftari la karatasi.

Somo hili linaeleza kanzidata ni nini, hukaa wapi, nakala yake rudufu huchukuliwaje kabla ya mfumo endeshi kubadilishwa, na hurejeshwaje baadaye. Limeandaliwa kwa viongozi wa vikundi, makatibu, wahasibu na wananchi wote wenye taarifa zao katika kompyuta za watu wengine.

Kanzidata na mahali inapokaa

Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa katika majedwali yanayohusiana, na kusimamiwa na programu maalumu. Katika jumuiya ya watumia maji, kwa mfano, jedwali moja huwa na majina ya wateja, la pili lina usomaji wa dira za kila mwezi, na la tatu lina malipo. Karani anapofungua dirisha la mteja, programu huchota kutoka majedwali yote matatu na kuonyesha deni lililobaki.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba dirisha analoliona karani si kanzidata yenyewe. Dirisha ni mlango tu. Taarifa zimehifadhiwa katika mafaili yaliyo mahali pengine ndani ya diski, mara nyingi katika folda ambayo mtumiaji wa kawaida hajawahi kuifungua. Kanzidata ya MySQL iliyosakinishwa kwenye Windows kwa kawaida huweka taarifa zake ndani ya folda ya ProgramData, ambayo Windows huificha isionekane. Ofisi zinazotumia kifurushi cha XAMPP huwa na taarifa hizo katika folda ya xampp, ndani ya folda ndogo iitwayo mysql, kisha data. PostgreSQL kwenye Windows huziweka chini ya Program Files. Ni programu chache tu, kama vile Microsoft Access, ambazo kanzidata yake huwa faili moja linaloweza kuonekana kando ya nyaraka za kawaida.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapoanzia. Karani anapoambiwa anakili kila kitu chake kabla kompyuta haijasafishwa, hunakili folda ya nyaraka, picha na vilivyo kwenye eneo kazi la skrini. Huona flashi imejaa na kuridhika. Fundi naye hufuta diski na kusakinisha mfumo mpya. Barua zote zinapatikana, picha za mkutano mkuu zinapatikana, lakini madeni na malipo ya miaka minne hayapo, kwa sababu hayakuwamo katika folda hata moja kati ya zile zilizonakiliwa.

Njia mbili za kubadili mfumo endeshi

Mfumo endeshi hubadilishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupandisha toleo juu ya lile la zamani, ambapo programu na mafaili hutarajiwa kubaki. Njia ya pili ni kusakinisha upya, ambapo diski hufutwa na kompyuta huanza kama mpya. Njia ya pili haina mjadala: kisichonakiliwa kimepotea. Njia ya kwanza huonekana salama, na ndiyo maana watu wengi huifanya bila kuchukua nakala.

Usalama huo hauna uhakika. Mwezi Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha usambazaji wa toleo jipya la Windows 10, baada ya baadhi ya watumiaji kukuta mafaili ya folda zao za nyaraka yametoweka punde tu baada ya kupandisha toleo. Zaidi ya hilo, umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, diski iliyochoka inaweza kushindwa wakati inaandikwa kwa wingi kuliko siku zote, na programu ya zamani ya kanzidata inaweza kugoma kuwaka chini ya mfumo mpya.

Windows hutoa nafasi ya kurudi katika toleo la awali baada ya kupandisha, lakini nafasi hiyo kwa kawaida ni siku 10. Kikundi kinachofunga hesabu mara moja kwa mwezi kinaweza kugundua kasoro siku ya 25, wakati mlango wa kurudi umekwisha kufungwa.

Zipo pia kompyuta ambazo haziwezi kupandishwa kabisa. Windows 11 inahitaji angalau kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, prosesa iliyo katika orodha inayokubalika na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti hayo. Wenye mashine hizo hununua nyingine au huhamia mfumo wa Linux usio na gharama ya leseni. Katika hali zote mbili kanzidata lazima ihamishwe kutoka sehemu moja na kurejeshwa sehemu nyingine. Kurejesha, basi, ni sehemu ya kazi yenyewe, wala si jambo la dharura tu.

Aina mbili za nakala rudufu

Nakala rudufu ya kanzidata huchukuliwa kwa namna mbili, na tofauti yake yafaa kueleweka hata na asiye fundi.

Namna ya kwanza ni kunakili mafaili ya kanzidata yalivyo ndani ya diski. Inafanana na kuhamisha kabati zima la ofisi bila kufungua droo. Ni ya haraka, lakini ina masharti makali. Programu ya kanzidata lazima izimwe kwanza, kwa kuwa faili linalonakiliwa wakati bado linaandikwa huweza kutoka likiwa nusu la zamani na nusu jipya. Aidha, mafaili hayo kwa kawaida husomeka tu na toleo lile lile, au toleo la karibu sana, la programu iliyoyaandika. Mafaili ya PostgreSQL 14 hayafunguliwi moja kwa moja na PostgreSQL 16. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa anayehama kutoka Ubuntu 22.04 kwenda Ubuntu 24.04 huhama pia kutoka PostgreSQL 14 kwenda 16, kwani hayo ndiyo matoleo yanayokuja na mifumo hiyo.

Mtego mwingine huwapata watumiaji wa XAMPP. Wengi hunakili folda yenye jina la kanzidata yao pekee, na kuliacha faili liitwalo ibdata1 lililo nje kidogo ya folda hiyo. Baada ya kurejesha, majina ya majedwali huonekana yote, na mwenye ofisi hufurahi. Anapojaribu kulifungua jedwali lolote, programu humjibu kwamba jedwali halipo. Sababu ni kwamba kumbukumbu za ndani zinazoyatambulisha majedwali hayo zimo katika faili lililoachwa.

Namna ya pili ni kuiagiza programu ya kanzidata yenyewe iyatoe yaliyomo yote na kuyaandika katika faili moja la kuhamishia. Katika MySQL kazi hiyo hufanywa na zana iitwayo mysqldump, na katika PostgreSQL hufanywa na pg_dump. Inafanana na katibu kuketi na kunakili daftari zima kwa mkono katika daftari jipya safi. Huchukua muda mrefu zaidi, lakini faili linalopatikana huweza kusomwa na matoleo mapya, na hata na mfumo endeshi tofauti. Kwa anayebadili mfumo endeshi, namna hii ya pili ndiyo ya kutegemewa. Ya kwanza inaweza kuchukuliwa pia kama akiba ya ziada.

Fundi akumbushwe kwamba faili hilo la kuhamishia halibebi kila kitu kwa hiari yake. pg_dump haitoi majina ya watumiaji wa kanzidata. Hayo hutolewa na pg_dumpall. mysqldump nayo haitoi taratibu zilizohifadhiwa ndani ya kanzidata wala kazi zilizopangiwa saa mpaka iagizwe wazi. Kwa kanzidata ya Access, inatosha kunakili faili lake baada ya kila mtu kulifunga. Likionekana faili jingine dogo kando yake lenye jina lile lile na mwisho wa laccdb, hiyo ni dalili kwamba bado kuna mtu amelifungua.

Hatua za kabla ya kubadili mfumo

Kazi huenda vizuri ikifuata mpangilio ufuatao.

Kwanza, ifanywe orodha ya programu zote zenye taarifa za ofisi, pamoja na toleo la kila moja, mahali taarifa zake zilipo, funguo za leseni na nywila za kuingilia. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48 uandikwe na kutunzwa nje ya kompyuta hiyo. Mfumo unaweza kuuomba baada ya mabadiliko, na asiyekuwa nao hataifungua diski.

Pili, uandikishaji usimame. Kuanzia saa iliyotangazwa, malipo yote yapokelewe kwa stakabadhi za karatasi, na asiruhusiwe mtu kuingiza chochote katika kompyuta mpaka kazi iishe.

Tatu, zichapishwe taarifa za ulinganisho: idadi ya wateja au wanachama, idadi ya malipo, jumla ya fedha, na kadi kamili za wanachama wachache waliochaguliwa. Karatasi hizo zitiwe saini na viongozi wawili.

Nne, nakala zichukuliwe kwa namna iliyoelezwa, na faili lipewe jina lenye tarehe na saa. Jina kama "mpya" au "ya mwisho" halimsaidii mtu mwaka unaofuata.

Tano, nakala zikaguliwe. Faili lenye ukubwa wa KB 0 ni faili tupu. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye kufikia GB 4, hivyo nakala kubwa hukatika njiani. Flashi ya namna hiyo ipangwe upya kwa exFAT au NTFS ikiwa tupu, kabla ya kutumika.

Sita, nakala irejeshwe kwa majaribio katika kompyuta nyingine kabla diski ya zamani haijaguswa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote, nayo ndiyo pekee inayothibitisha kwamba nakala ni nzima.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo leo hutajwa na wataalamu duniani kote: taarifa ziwe na nakala 3, zikae katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 kati ya hizo iwe mahali pengine kabisa.

Kanuni hii haihitaji fedha nyingi. Nakala ya kwanza ni ile inayotumika ndani ya kompyuta. Ya pili huwekwa kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini. Ya tatu huwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kwenye flashi inayotunzwa na mweka hazina katika jengo jingine. Mwizi akichukua kompyuta na diski iliyo kabatini, au moto ukiunguza ofisi, au paa likivuja msimu wa masika, nakala ya tatu bado ipo.

Inapaswa kueleweka pia kwamba diski ya nje inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta wakati wote haihesabiki kuwa nakala huru. Virusi vinavyofunga mafaili kwa lengo la kudai fidia huifikia diski hiyo kama vinavyoifikia diski ya ndani.

Kurejesha na kuhakiki

Mfumo mpya ukishasakinishwa, kazi ya kurejesha huanza. Programu ya kanzidata husakinishwa kwanza, ikiwa ya toleo lile lile au jipya zaidi. Kurudi nyuma hakuwezekani katika baadhi ya programu: nakala iliyotolewa na toleo jipya la SQL Server, kwa mfano, haikubaliki katika toleo la zamani. Kisha huundwa watumiaji na haki zao, kanzidata tupu, na ndipo faili la nakala huingizwa. Ujumbe wowote wa kosa unaotokea wakati huo uandikwe na kushughulikiwa, usipitwe kwa matumaini kwamba si kitu.

Baada ya hapo huja uhakiki, ambao ni kazi ya viongozi wa ofisi na haipaswi kuachiwa fundi peke yake. Fundi anajua kama programu imewaka. Mhasibu ndiye ajuaye kama hesabu ni sahihi.

Chukulia mfano wa jumuiya ya watumia maji yenye wateja 640. Nakala ilichukuliwa Ijumaa saa 10 jioni. Jumamosi asubuhi, kabla fundi hajafika, karani aliingiza malipo ya wateja wanne waliokuja mapema, kisha akachapisha taarifa ya ulinganisho iliyoonyesha madeni ya shilingi 3,366,500. Jioni, baada ya kurejesha, kompyuta ilionyesha wateja 640 kamili, lakini madeni yalikuwa shilingi 3,412,500. Tofauti ni shilingi 46,000. Stakabadhi za Jumamosi zilipotafutwa zilikuwa za shilingi 12,000, 8,500, 15,500 na 10,000, ambazo jumla yake ni 46,000 zile zile. Malipo hayo yaliingizwa baada ya nakala kuchukuliwa, kwa hiyo hayakuwamo ndani yake.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba idadi ya wateja peke yake haitoshi kuthibitisha. Jumla za fedha lazima zilinganishwe. La pili ni kwamba bila karatasi ya ulinganisho na vishina vya stakabadhi, kaya hizo nne zingepelekewa madai ya maji waliyokwisha kuyalipia, na pengine kukatiwa huduma. Kasoro ya kompyuta ingegeuka kuwa ugomvi baina ya majirani na tuhuma za wizi dhidi ya karani asiye na hatia.

Mpangilio wa herufi uliobadilika

Kipo kisa kingine kinachoonyesha jinsi mfumo endeshi unavyoweza kuigusa kanzidata bila kufuta hata neno moja. Mwezi Agosti 2018 ilitolewa glibc toleo la 2.28, ambayo ni maktaba ya msingi katika mifumo mingi ya Linux. Toleo hilo lilibadilisha kanuni za kupanga maneno kwa mfuatano wa herufi, hasa pale penye alama kama kistari.

Kanzidata ya PostgreSQL kwa kawaida huutegemea mfumo endeshi katika kupanga maneno, na huweka faharasa kwa mfuatano huo ili itafute majina haraka. Waliopandisha mfumo huku wakiacha mafaili ya kanzidata yalivyokuwa walijikuta na faharasa iliyopangwa kwa kanuni ya zamani, ikisomwa kwa kanuni mpya. Mteja aliyekuwamo katika jedwali aliweza kutafutwa asipatikane. Kibaya zaidi, jina lililokatazwa kuandikwa mara mbili liliweza kuandikwa tena, kwa kuwa programu haikuliona lile la kwanza.

Tiba yake ni kuzijenga upya faharasa zote kwa amri iitwayo REINDEX, au kurejesha kanzidata kutoka faili la pg_dump, kwani faharasa hujengwa upya wakati wa kurejesha. Hii ni sababu nyingine ya kuipendelea namna ya pili ya nakala.

Funzo la GitLab

Wapo wanaodhani kwamba hasara za aina hii huwapata wasio na utaalamu pekee. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipoteza kanzidata yake kuu. Mtaalamu aliyekuwa akirekebisha hitilafu usiku alifuta folda akidhani yuko kwenye seva moja, kumbe alikuwa kwenye nyingine. Alipotanabahi na kusimamisha kazi, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5 tu.

Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kuchukua nakala, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Nakala za kila siku zilitegemea pg_dump, lakini iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali kanzidata ilikuwa ya toleo la 9.6. Zana hiyo ilikuwa ikigoma kila mara, na barua pepe za kutoa tahadhari hazikuwafikia wahusika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa kazi nyingine saa 6 kabla ya tukio. Taarifa za saa hizo 6 hazikupatikana tena.

Kisa hicho kinafundisha kwamba kuwa na ratiba ya nakala si sawa na kuwa na nakala. Baada ya kupandisha toleo lolote, la mfumo endeshi au la kanzidata, zana ya kuchukulia nakala ikaguliwe upya. Inaweza kuwa imeacha kufanya kazi bila kutoa sauti.

Haki ya mwenye taarifa

Nakala rudufu ina majina, namba za simu, madeni, na pengine hali za afya za watu. Flashi iliyosahauliwa kwenye daladala ni siri za kata nzima zilizo barabarani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wazilinde dhidi ya upotevu, uharibifu na kufikiwa na wasiohusika.

Kwa hiyo nakala inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa usimbaji fiche na nywila, na nywila hiyo ijulikane kwa viongozi wasiopungua wawili. Ikijulikana kwa mtu mmoja, akihama au akifariki, nakala itakuwepo lakini haitafunguka. Fundi anayechukua kompyuta kwenda nayo dukani kwake asiachiwe taarifa hizo bila makubaliano ya maandishi. Diski ya zamani nayo isiuzwe wala kutupwa kabla haijafutwa kikamilifu, na isifutwe kabla kanzidata mpya haijapita walau ufungaji mmoja wa hesabu za mwezi.

Maswali ya kumwuliza fundi

Kiongozi wa kikundi hahitaji kujua amri za kompyuta ili kulinda mali ya wanachama. Inatosha aulize maswali haya kabla ya kutoa idhini, na asubiri majibu yanayoeleweka.

Kanzidata yetu ni ya aina gani na toleo gani, na mafaili yake yako wapi? Nakala imechukuliwa kwa namna ipi, na lini? Imejaribiwa kurejeshwa katika kompyuta nyingine? Zipo nakala ngapi, na ziko wapi? Toleo jipya la mfumo linaikubali programu yetu? Ikishindikana, ofisi itarudi katika hali ya awali kwa njia gani, na baada ya muda gani? Nani atalinganisha hesabu kabla ya kazi kupokelewa na malipo kutolewa?

Fundi mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Yatamlinda yeye pia.

Mwananchi wa kawaida naye ana sehemu yake. Atunze stakabadhi zake za maji, hisa na marejesho ya mikopo, hasa za miezi ambayo ofisi imetangaza kubadili kompyuta. Mfumo mpya ukianza, aombe kuonyeshwa kadi yake na kuilinganisha na karatasi alizonazo. Akiona tofauti, aitolee taarifa mapema kwa kiongozi wa chombo husika, wakati nakala za zamani bado zipo na kasoro inaweza kutafutwa hadi chanzo chake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kunakili folda ya nyaraka hakutoshi kuokoa kanzidata ya ofisi?
2. Taja tofauti mbili kati ya kunakili mafaili ya kanzidata na kutoa faili la kuhamishia.
3. Kikundi kina nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje iliyo kabati lile lile la ofisi. Kinapungukiwa na nini kwa kanuni ya tatu, mbili, moja?
4. Baada ya kurejesha, idadi ya wanachama ni sahihi lakini jumla ya akiba imepungua. Ni nyaraka zipi zitafutwe kwanza, na kwa nini?
5. Kwa nini zana ya kuchukulia nakala ikaguliwe tena baada ya kupandisha toleo?